Uwanja Uliofagiwa

Mtaa wetu hapa Ujiji una ugonjwa wa kufagia. Akitangazwa mgeni wa serikali, hata wa kupita tu, mafagio hutoka kila mlango. Kwa hiyo mwenyekiti wetu, Mzee Feliksi, alipotangaza kwamba ndege ndogo ya kupiga picha ingepita juu yetu kwa ajili ya mpango mpya wa mtaa, akina mama tulikunja nyavu tunazoanikia dagaa ufukweni, tukawaingiza dagaa ndani na kuufagia mchanga hadi ukang'aa.

Matokeo tuliyaona ramani ya mapendekezo ilipobandikwa ofisini. Wenzangu walizitazama rangi. Mimi, kwa kuwa darasa la kisomo cha watu wazima limenifikisha hata kwenye maandishi madogo, nilisogea karibu nikawasomea. Juu ya uwanja wetu paliandikwa: "Eneo wazi. Maegesho ya malori." Uwanja huo ndio ada za watoto na unga wa jioni, na hapana mchanga mwingine karibu usio na mwenyewe.

Afisa mipango miji, Bi Winfrida, alikuja kupokea maoni. Natamani ningeweza kusema kwamba tulimpa. Mmoja alishtaki mbwa wa jirani, mwingine akadai taa ya barabarani, na Leonia, ambaye huanika kando yangu, akaushukuru uongozi mpaka muda ukakaribia kwisha. Nilipopata nafasi nilieleza kwamba uwanja ule si mtupu. Bi Winfrida hakubisha. Alisema picha haikuonyesha hata wavu mmoja, naye hawezi kuchora asichokiona. Angerudi Alhamisi na kishikwambi, apazunguke kwa miguu palipoanikwa, na mstari atakaoutembea ndio ungeingia kwenye mpango.

"Msiandae chochote," alisema. "Anikeni kama kila siku."

Alhamisi asubuhi nilifika ufukweni nikakuta mafagio.

Leonia, ndani ya kitenge cha harusi, alikuwa akikunja nyavu. Mzee Feliksi alikuwa akisimamia. Nilimpa shikamoo yake, kisha nikamwuliza kulikoni.

"Mama Elikana, mgeni wa heshima hawezi kukanyaga dagaa. Atatuonaje?"

"Mzee, anakuja kuwaona hao dagaa."

"Atawasikia kwa harufu. Inatosha."

Wanawake wakacheka. Nilieleza upya, taratibu, kama mwalimu wangu anavyotueleza sisi. Leonia akasema kwamba tangu nijue kusoma, hata ukarimu umekuwa kosa. Ni Inamahoro peke yake, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, aliyemimina beseni lake juu ya wavu.

"Oya," alikataa kwa Kirundi. "Mimi ninaanika."

Nami nikamimina langu kando yake.

Bi Winfrida alifika, akazizunguka nyavu zetu mbili akiwa ameshika kishikwambi mbele yake. Nilimsihi auzunguke uwanja wote. Aliutazama mchanga uliofagiwa, kisha mafagio yenyewe.

"Mama, nikiulizwa niliona nini pale, nijibu nini?"

Nilimgeukia Leonia, nikamwomba awalete dagaa wake upesi. Alinijibu kwa kunong'ona kwamba mgeni apewe soda kwanza. Mzee Feliksi alikuwa tayari anavuta kiti. Bi Winfrida aliikataa soda kwa upole, kwa sababu mtaa mwingine ulikuwa ukimngoja, akaondoka.

Ramani ya mwisho ilionyesha kipande chembamba kando ya maegesho: "Kuanikia dagaa." Leonia aliniomba nisome tena, kana kwamba kusoma kungekipanua. Vigingi vikapigwa, malori yakaingia.

Siku ya pili ya malori Leonia alikuja na beseni kichwani, wenzake nyuma yake, akasimama ukingoni mwa wavu wangu. Nilikuwa nayo mengi ya kumwambia, na yote nilikuwa nimeyapanga. Nikaukunja wavu wangu nusu.

"Anika haraka," nikamwambia. "Wenzako wanasubiri."