Mbuzi wa Serikali ya Kwanza

Généreuse alikuwa anapima unga wa muhogo katika duka lake la mtaa wa Ndosho pale Munguakonkwa alipoingia na meza yake kichwani. Ilikuwa Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Munguakonkwa alikuwa karani wa serikali ya kwanza ya uhuru, naye alikuwa amekufa tangu mwaka wa 1964. Nyumba hiyo zamani ndiyo ilikuwa ofisi yake. Généreuse alisogeza magunia mawili ili meza ipate nafasi karibu na dirisha.

"Kazi haikuisha, mama," alisema karani. "Tungali tunapokea michango."

Kila aliyeuliza alielezwa kwa upole. Mwaka wa sitini kulikuwa na mawaziri kumi na meza nne. Kasha la fedha lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na funguo za makasha mengine, ambayo yalikwisha kusafiri kwenda Ulaya. Basi vijiji viliombwa vichange mbuzi, serikali ipate kuishi mpaka kodi zianze kuingia.

Jumatano habari zilimfikia Mukamugema, mama wa miaka sabini na minne aliyekimbia vita kutoka Kalengera na kupanga chumba mtaa huohuo. Aliuza vitenge vyake vinne, akanunua mbuzi jike mweusi, akamvuta kwa kamba mpaka dukani. Mbele yake walipanga foleni watu kumi na wanane, kila mmoja na mbuzi wake. Alingoja zamu.

"Muzee," alisema, "baba yangu Habarurema alinituma Rutshuru, kule walikuwa wanakusanya michango, na mbuzi ya serikali. Nilikuwa mutoto wa miaka tisa. Ikakata kamba njiani, ikapotelea kwenye majani. Nikarudi, nikamuambia baba nimeifikisha."

Karani alichovya kalamu kwenye wino. "Habarurema," aliandika.

"Kila vita ikikuja, baba alikuwa anasema serikali itatukumbuka, sababu tuliilisha. Alikufa akingojea. Lakini mimi nilijua mbuzi yetu ndiyo ilikosekana. Miaka hii yote, nikiona watu wanakimbia na magodoro, ninasema: ni mimi."

Munguakonkwa alifungua daftari la zamani, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, kisha akavua miwani.

"Mama, mbuzi mia moja na kumi na mbili zilifika. Zote zililiwa siku ya kusimika mawaziri. Jioni haikufika, zilikuwa zimeisha. Hata yenu ingefika, ingeliwa. Mimi mwenyewe sikupata mushahara hata mara moja."

Mukamugema aliketi juu ya gunia, akalia bila sauti kwa muda mrefu. Généreuse aliendelea kuuza, ila kwa sauti ya chini. Kosa lile Mukamugema alilibeba miaka sitini na mitano, na sasa hakujua aliweke wapi.

"Basi hii niirudishe nyumbani?" aliuliza.

"Nimekwisha kuandika," alijibu karani, akampa risiti yenye jina la baba yake.

Saa tisa mchana lori lilisimama mlangoni. Wakateremka wanaume watatu wenye suti, nao hawakuwa wafu. Munguakonkwa aliwakabidhi mbuzi wote kumi na tisa. Hakuna aliyeuliza wanapelekwa wapi. Mbuzi yule mweusi aligoma kupanda. Mukamugema alimshika miguu ya nyuma, akasaidia kumsukuma ndani.