Mlima Ulipomwita Tripta

Jumanne hiyo, saa nne na nusu asubuhi, Bansi Lal alikuwa barazani juu ya kitanda cha kamba, akiandika majina ya watakaokwenda kuhiji pangoni kwa Mama wa Mlimani. Alikuwa amefika jina la saba. Jikoni mkewe Sarla alikuwa amebandika maziwa, na mkamwana wao Rajni anamenya njegere. Maziwa yalipoanza kufura ndipo mlima ulipoita.

"Tripta!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, wala si kubwa, kama ya jirani anayetaka kuazima chekecheo. Ilitoka kaskazini, juu ya mapaa ya mji wa Jammu, kule ambako anga ikiwa safi huonekana vilele vitatu vya mlima Trikuta. Mtaa mzima uliisikia. Muuza mboga alisimamisha mkokoteni wake, akangoja, na alipoona hakuna aliyeitika akaendelea kunadi maboga.

"Mtaa huu una Tripta?" Bansi Lal aliuliza bila kuinua kichwa.

"Labda wale wapangaji wapya, Baba," alisema Rajni.

Sarla aliyaepua maziwa. Yalikuwa yamekwisha kumwagikia jiko, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu aolewe.

Ukweli ni kwamba Tripta alikuwa yeye. Aliingia nyumba hii na jina hilo miaka arobaini na moja nyuma, akakuta lina mwenyewe: mke wa shemeji yake mkubwa naye aliitwa Tripta. Nyumba moja haiwezi kuwa na wawili, maana nani ataitwa na nani ataitika? Siku ya tatu ya ndoa, mama mkwe wake, Bibi Lajwanti, alimlambisha sukari, akamwambia, "Kuanzia leo wewe ni Sarla." Mwaka uliofuata yule Tripta wa kwanza alihamia Delhi na mumewe, lakini jina halikurudishwa kwa mwenyewe. Bansi Lal alikuwa amelisikia mara moja tu, siku ya harusi, na siku hiyo ngoma zilikuwa nyingi. Basi nasi tumwite Sarla, maana ndilo aliloitikia.

Katika miaka hiyo arobaini na moja, Bansi Lal alikwenda pangoni mara thelathini na nne. Sarla hakwenda hata mara moja, lakini safari zote thelathini na nne alizipanga yeye, na hapa nitasema wazi kwa kuwa nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusema: hajazaliwa mtu wa kuipanga safari ile kumshinda. Alikaanga mikate ya puri iliyokaa siku mbili bila kuvunda, bila kitunguu wala thomu, kama Mama apendavyo. Aliwavua wanaume mikanda ya ngozi mlangoni, akawapa ya kitambaa, kwa sababu ngozi haiingii pangoni. Wakirudi, alifua soksi zao na kuisoma njia yote. Kwa matope ya suruali alijua wapi mvua iliwakuta, nani alipumzika kwenye kona ipi, na nani alipanda farasi akaja kusingizia kwamba alitembea. Siri za farasi hakumtolea mtu.

Kila mwaka, orodha ikianza kuandikwa, alimwambia mumewe, kwa jina la mtoto wao, "Baba Vipan, na mimi niandike." Na kila mwaka alijibiwa yale yale: anayekwenda ni yule aliyeitwa na Mama mwenyewe, na asiyeitwa hafiki hata apande ndege. Sarla aliamini hivyo. Mpaka leo anaamini. Alichokuwa akijiuliza, huku akimlisha Bibi Lajwanti uji kwa kijiko, ni kwa nini Mama amwite Bansi Lal mara thelathini na nne, mtu ambaye hata akiitwa mezani haji.

Jumatano mlima uliita tena, na Alhamisi pia, saa ile ile ya maziwa. Watu wakazoea. Fundi cherehani alianza kurekebishia saa yake. Kwenye kibanda cha chai palibandikwa karatasi: *Anayeitwa Tripta aitike, mlima unangoja.* Mtoto mmoja wa miaka miwili anayeitwa Tripti alipandishwa darini akaambiwa aitike, akaitika vizuri tu, na sauti ikaita tena, "Tripta," kwa upole, kama mtu aliyekosea mlango. Ijumaa Bansi Lal mwenyewe alisimama uani akajibu, "Naam!" kwa niaba ya mtaa. Haikusaidia.

"Simu hukosea namba," alisema akirudi kuketi. "Na milima nayo hukosea."

Wiki ya tatu, jioni ya kuamkia safari, Sarla alikuwa akimkunjia blanketi. "Baba Vipan," alisema, "na mimi niandike."

"Wewe nawe! Kila mwaka wimbo huo huo. Umesikia Mama akikuita? Masikio yako si unayo? Anamwita mtu mwingine kabisa."

Sarla aliendelea kukunja blanketi. Aliogopa, na tusimcheke. Kuitikia jina lile ilikuwa sawa na kuiambia nyumba nzima kwamba ilimchukulia kitu chake, na yeye katika nyumba hiyo hakuwahi kudai hata chumvi. Na aliyekwisha kuitika hana ruhusa ya kubaki. Nani angemgeuza bibi ubavu?

Bibi Lajwanti alikuwa na miaka themanini na tisa, mwaka wa sita huo hajanyanyuka kitandani. Asubuhi ya safari, Sarla alipomwinamia kumfuta uso, bibi alimshika mkono.

"Kwani wewe ni kiziwi?" aliuliza.

"La, Mama."

"Basi mbona humjibu mwenzio? Wiki tatu sasa anaita. Mwisho atakauka koo."

"Nani atakaa na wewe?"

"Mimi sikuuliza hilo nilipokulambisha sukari," alisema bibi, akageukia ukutani. Kutoka kwake, hayo yalikuwa maneno mengi.

Saa nne na nusu mizigo ilikuwa mlangoni, wanaume saba wamevaa mikanda ya kitambaa, basi linapiga honi kichochoroni. Maziwa yalifura. Mlima ukaita.

"Abee!" akaitika Sarla.

Hakuitika kwa kelele, lakini muuza mboga alivua kilemba chake. Kule juu sauti ikasema, "Njoo basi, mwanangu," na tangu hapo haikumwita tena.

Tripta, maana sasa hatuna sababu ya kumwita vingine, alimkabidhi Rajni mwiko, akajifunika shela yake nyekundu.

"Lakini kwenye orodha hakuna Tripta," alisema Bansi Lal. "Na basi limejaa."

"Najua limejaa. Orodha niliinakili mimi," alisema Tripta, akatoka kwa miguu.

Kutoka Jammu hadi Katra, mlima unapoanzia, ni mwendo wa saa moja na ushei kwa basi. Tripta alitumia muda wa maziwa kuchemka mara mbili. Langoni karani alimuuliza jina, akamwambia. Karani akavuta mtoto wa meza, akamtolea kadi iliyokwisha kuandikwa, imegeuka manjano kwa kukaa. "Umechelewa kidogo," alisema, akamwita aliyefuata.

Magoti yake, ambayo ngazi za darini zilikuwa zikiyaliza, siku hiyo hayakutoa neno. Njia aliijua. Hapa ndipo palipokuwa na yale matope mekundu. Hapa kuna kokoto nyeupe zinazonasa kwenye soksi, hapa farasi hukodishwa. Wapandaji waliochoka walikaa pembeni, naye aliwaonyesha kona yenye kivuli na bomba la maji baridi, na wote walidhani ni mwenyeji wa pale. Furaha aliyokuwa nayo ilimzidi, akawa anacheka peke yake kama mwari.

Pangoni maji yalimfika vifundoni, baridi ya kukata. Walio mbele yake waliomba watoto, kazi, ushindi wa kesi. Ilipofika zamu yake aliinamisha kichwa mbele ya mawe matatu ambayo ndiyo sura ya Mama. Hakuwa na ombi. Aliitwa, amekuja, ameonekana.

Alikutana na wanaume wake saba kwenye kona ya farasi, yeye anashuka, wao wanapanda. Wawili walikuwa juu ya farasi.

"Afadhali tumekuona, Sarla," alisema Bansi Lal akihema. "Achari umeweka mfuko upi?"

"Ule wa bluu," akajibu.

Habari ilienea Jammu nzima, na Bansi Lal aliisimulia kwa fahari isiyo ya uongo. Mgeni hakumaliza chai bila kuambiwa jinsi mlima ulivyomwita Sarla wa nyumba hii kwa jina. Jina lenyewe hakulitaja, lingemchanganya mgeni.

Mwaka ukazunguka. Asubuhi moja Bansi Lal alikaa barazani na karatasi, na kutoka jikoni Tripta akasema, "Baba Vipan, na mimi niandike."

Alilifikiria jambo hilo kwa haki, kalamu mdomoni.

"Tatizo ni hili," alisema. "Aliyeitwa ni Tripta. Sarla bado hajaitwa."

Wanaume wawili waliokuwa pale wakaona hoja hiyo haina ufa. Akaandika jina la nane.

Maziwa yalianza kufura. Kutoka kaskazini sauti ikaita, taratibu, "Neelam!"

"Haya, Neelam naye ni nani?" aliuliza Bansi Lal.

Rajni alikuwa ameinamia sufuria. Kwao Pathankot aliitwa Neelam kwa miaka ishirini na mitatu, mpaka siku ya tatu ya ndoa yake. Alikoroga, akakoroga, macho ameyakaza kwenye maziwa. Ndani Bibi Lajwanti alikuwa akiita ageuzwe ubavu.

"Lete huo mwiko," alisema Tripta.