Sebule Iliyohamishwa Mara Tatu

Mara ya kwanza baba aliponiambia niisogeze sebule, nilicheka. Mara ya pili nikanuna. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, nachora nyumba za watu kwenye laptop pale Mwanga, watu wanatoka mpaka Mwandiga kunifuata, na hakuna mteja aliyewahi kunisumbua kama huyu ninayempikia ugali kila siku.

Nyumba yenyewe ilikuwa yetu wawili, baba na mimi, kwenye kiwanja chetu cha Buzebazeba. Miaka yote tumeishi katika vyumba viwili vya tofali za udongo vilivyoko nyuma, mbele pamebaki uwanja mtupu. Nilitaka paa la mteremko mmoja: nyuma ukuta mfupi, mbele ukuta mrefu wenye madirisha makubwa, na dari lisilale bapa bali lipande pamoja na paa, ili mtu akikaa kwenye kochi aone anga yote na kipande cha ziwa. Fundi wetu, Adolf, aliniuliza kama nimeanza kufuga kuku. Baba naye akasema paa la namna hiyo yeye amezoea kuliona chooni. Nilivumilia. Nilijua wakiiona tu watanyamaza.

Basi Jumapili moja tulipotoka kanisani nikamkalisha baba mbele ya laptop, nikamwingiza ndani ya nyumba. Programu ile inakutembeza kabisa: unafungua mlango, unapita korido, unatokea sebuleni, ukiinua uso dari linapanda mbele yako. Baba alishika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Akaniomba turudi mlangoni, tuingie upya. Nilifurahi mno, sifichi. Halafu akauliza, hapa tulipo, kule uwanjani ni wapi? Nikafungua picha ya kiwanja kwa juu, nikamwonyesha: choo kile, mpapai ule, na sebule hii hapa katikati. Akasogeza uso karibu na kioo cha laptop. Kisha akasema niisogeze, upepo wa ziwa ni mkali upande ule.

Nikaisogeza hatua mbili. Wiki iliyofuata tatizo likawa jua la jioni. Nikaisogeza tena, jiko likabanwa. Safari ya tatu akasema maji ya paa yatamwagikia jirani, nami nikasogeza huku nimeuma meno, chumba changu cha kulala kikabaki kama stoo. Baada ya hapo nikamwambia imetosha, mchoro ndio huo. Hakubisha. Jumamosi Adolf akaja na wenzake, wakapigilia vigingi, wakafunga kamba. Jumatatu walikuwa waanze kuchimba msingi.

Jumatatu asubuhi nilitoka nje na chupa ya chai ya mafundi. Hawakuwa wamefika bado. Baba alikuwa katikati ya uwanja, ameng'oa vigingi vyote vinne vya sebule na kuvikumbatia kifuani, kamba zimelala chini zimejisokota.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Sikumwamkia hata shikamoo. Nilimwambia kama hataki nyumba aseme, mimi nitakwenda kupanga mjini, yeye abaki na uwanja wake ambao hautaki jua, hautaki upepo, hautaki maji. Nilisema na mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilisema sasa naelewa kwa nini mama alimkimbia.

Baba akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Oya, mwana wanje," akasema kwa Kirundi, yaani hapana, mwanangu. "Mama yako hakukimbia. Mama yako yupo hapa."

Nikageuka. Kweli, niligeuka nikatazama njia, nikitegemea kumwona mwanamke mgeni amesimama na mkoba wake. Njia ilikuwa tupu. Nilipomrudia baba, kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya udongo, katikati ya mashimo ya vigingi, na hapo ndipo nikaelewa. Chupa ya chai ilinitoka mkononi ikapasuka.

Alieleza taratibu, macho yake yakiwa chini. Mwaka ule walipotoka Burundi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Walipokelewa katika kambi ya wakimbizi, wakakaa miezi, kisha wakatoroka wakaja huku, na Mama Mwanaima, mwenye kiwanja wakati huo, mwanamke ambaye wazazi wake nao walivuka kutoka Kongo, akawaficha katika vile vyumba vya nyuma. Majirani wakaambiwa ni Waha wa Kasulu, wenyeji ambao lugha yao inafanana na yetu. Mama yangu, Merina, akashikwa na homa. Kumpeleka kutibiwa waliogopa kuulizwa karatasi. Siku ya nne akafa. Kumzika makaburini nako kungetaka karatasi, na mtu mmoja tu akiuliza, sote tungerudishwa. Basi baba na Mama Mwanaima walimzika wenyewe, alfajiri, bila padri, bila msalaba, wakasawazisha udongo na kupitisha fagio. Kwa majirani wakasema amerudi kwao. Baadaye Mama Mwanaima alipotaka kuuza kiwanja, baba alifanya vibarua bandarini mpaka akakinunua.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mtoto hana siri, ningelisema shuleni. Nilimuuliza, na nilipokua? Akasema nilipokua nilikuwa nimeshazoea kumchukia mama, naye aliona aibu.

Ni kweli nilimchukia. Kipaimara changu, mahafali yangu, kila sherehe nilikuwa natazama mlangoni, nikirudi nyumbani namlaani. Mifupa yake iko hatua kumi kutoka mlango wa chumba changu. Nimeruka kamba juu yake. Nimeanika dagaa juu yake.

Kisha likanijia jambo lililoniuma kuliko yote. Miaka minane iliyopita nilikwenda kumtafuta. Nilipanda gari hadi Manyovu, nikavuka mpaka kuingia Burundi, nikazunguka Makamba na Rumonge wiki tatu, nikiuliza sokoni na makanisani kama kuna anayemjua Merina wa Calixte, nikitaja na jina la baba. Nililala kwa watu nisiowajua. Nilirudi nimekonda, nikamwambia baba yule mwanamke hataki kuonekana.

"Ulinifungia chakula cha njiani," nikamwambia. "Ulinisindikiza mpaka stendi. Ulijua yuko hapa, ukaniacha niende."

Adolf na wenzake walikuwa wamefika na majembe yao, wamesimama kando, hawaelewi. Baba hakuwatazama. Aliviweka vigingi chini kimoja kimoja, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Sikuwa na mdomo wa kukuzuia," akasema. "Gari lako lilipoondoka nilirudi hapa, nikapiga magoti. Nikamwambia, Merina, mtoto amekwenda kukutafuta."