Dakika Kumi na Saba

Simu ya mwalimu mkuu iliingia fundi akiwa ameilaza kompyuta ya mteja kifudifudi, skrubu zimo mdomoni. Alipoiona namba alizitema zote kiganjani. Ilikuwa imepita miezi minane, na namba hiyo hakuifuta, kwa makusudi.

"Dada yangu," mwalimu mkuu alisema kwa sauti ya asali, "yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo, mwalimu. Nikusaidie nini?"

Wafadhili walikuwa wanakuja Alhamisi. Walitaka kuziona zile kompyuta mpakato thelathini walizoipa shule, ambazo fundi mwenyewe alizijaza masomo kwa wiki tatu: hesabu, sayansi, vitabu vya hadithi, video, vyote vikifunguka bila intaneti, maana pale shuleni mtandao ulikuwa wa kusikia tu. Kazi ile aliifanya kwa moyo. Kitinda mimba wake alikuwa darasa la tano shuleni hapohapo, na kila jioni binti alikaa ubavuni pake akiyajaribu masomo kabla ya mtoto mwingine yeyote.

Kompyuta zilipofika shuleni, mwalimu mkuu, ambaye wanafunzi walimwita Kufuli kwa jinsi funguo zilivyomlia kiunoni, alizifungia stoo. "Watoto wana mikono michafu," alisema. Moja akaipeleka ofisini kwake.

Siku moja mlango wa stoo uliachwa wazi. Binti akaingia, akawasha kompyuta iliyokuwa juu ya boksi, akaendelea na somo la hesabu pale alipoishia nyumbani. Kufuli akamkuta humo. Asubuhi iliyofuata alimsimamisha mbele ya shule nzima mstarini, shingoni kibao kilichoandikwa MIMI NI MWIZI. Na kesho yake. Na keshokutwa. Mama alipokwenda ofisini kuuliza mwanawe ameiba nini, mwalimu mkuu hakuinua hata macho.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema.

Fundi akamchukua binti, wakarudi nyumbani. Binti akahamia shule nyingine, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Sasa Jumatano ilipofika, fundi alikwenda kuziandaa kompyuta. Maboksi yalikuwa na vumbi la kuandikia jina. Alizichaji zamu kwa zamu, kisha akazikagua. Kila moja hujiwekea kumbukumbu ya masomo yaliyofunguliwa tangu ilipokabidhiwa shuleni, siku gani na kwa muda gani. Ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Ishirini na nane zote kavu. Ya ishirini na tisa ilikuwa na somo moja, dakika kumi na saba. Fundi aliiangalia tarehe, akaketi sakafuni.

Ya ofisini ilikuwa na sinema mia na ushee, na mchezo wa karata. Kumbukumbu yake aliinakili kwenye flashi, flashi akaitia mkobani.

"Ripoti iwe nono," Kufuli alimwambia mlangoni. "Weka hata masomo elfu mbili. Nani atahesabu?"

"Usijali, mwalimu. Kesho nitaionyesha ukutani, kila mtu aone."

Alifurahi mpaka akamletea soda.

Kesho yake, mbele ya wageni watano na walimu wote, Kufuli alihutubia. Kila mtoto hapa, alisema, anasoma kwenye kompyuta saa mbili kwa siku. Makofi yakapigwa. Kisha akamkaribisha "fundi wetu hodari". Fundi akawasha projekta, na ukutani ikatokea orodha ndefu ya sifuri.

"Hii ni nini?" aliuliza mama aliyewaongoza wageni.

"Matumizi ya mwaka mzima. Somo lililofunguliwa ni hilo moja tu, la chini."

Kufuli akaruka. "Mashine mbovu hizo! Zimepoteza kumbukumbu!"

"Zote zimesahau, ikakumbuka moja?"

Mpishi wa shule, aliyekuwa akigawa chai, alicheka kabla hajajizuia.

"Na mwanafunzi aliyelifungua yuko wapi?" mgeni akauliza.

"Ni binti yangu. Kwa dakika hizo kumi na saba alivishwa kibao cha mwizi siku tatu. Walimu hawa walikuwepo."

Walimu wakatazama viatu vyao.

Fundi alirudi nyumbani mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alimsimulia binti yake kila kitu, hata jinsi Kufuli alivyotaka kunywa maji akainua kikombe kitupu. Binti hakucheka.

"Wanafunzi walikuwepo?"

"Hapana. Walikuwa madarasani."

"Basi kwao mimi bado ni mwizi."

Raha yote ikamkauka fundi mdomoni.

Jumamosi Kufuli alikuja mwenyewe kwenye kibanda cha fundi, kiuno kitupu, bila funguo. Alikuwa amesimamishwa ukuu wa shule, na wafadhili walitaka kuiona kompyuta ya ofisini. Alishaifuta.

"Lakini wewe uliishika," alisema. "Huna nakala, sivyo?"

"Ninayo."

Akashusha pumzi. "Ungeniambia pembeni, dada. Tungeyamaliza wawili."

"Mwanangu ulimwambia pembeni?"

Kufuli akauliza, "Unataka nini?"

"Jumatatu, mstarini. Uwaambie wote kwamba hakuiba."

"Na hiyo nakala?"

"Njoo kwanza. Halafu tutaona."

Akaja. Binti alisimama langoni na mama yake, amevaa sare ya shule nyingine. Kufuli aliyasema maneno yale kama mtu anayeongea na kola ya shati lake.

"Wa nyuma hawajasikia, mwalimu!" fundi akapaza sauti.

Akarudia, sauti ikamkatika katikati.

"Tena. Kibao alikivaa siku tatu."

Akasema mara ya tatu. Watoto wote wakageuka kumtazama binti. Naye akawatazama, mmoja mmoja, bila kuinamisha kichwa, kisha akamvuta mama yake mkono. "Twende. Nitachelewa kipindi."

Mchana uleule fundi aliipeleka flashi kwa wafadhili. Hakuwa ameahidi kitu. Wiki mbili baadaye Kufuli alifukuzwa kazi kabisa. Dada mkubwa wa fundi alipokuja kula, alimwambia amezidisha. Mtu akishapiga magoti haongezwi teke.

"Labda," fundi alisema, akamwomba amsogezee chumvi.