Mgongo wa Restituta

Jumamosi asubuhi Efrazia alikamua ng'ombe, akatoa samadi zizini, akanawa mikono, kisha akapanda kilima cha nyuma ya nyumba mpaka kwenye mwamba ambako mtandao unashika. Pale alirusha ukurasa mpya wa katuni yake. Aliichora kwa kidole, kwenye simu iliyopasuka kioo pembeni, na iliitwa Anayekwenda. Watu wengi waliifuata, wa Babati, wa Arusha na wa mbali zaidi. Hawakujua kwamba mchoraji ni binti wa kijiji cha Bashay aliyeishia darasa la tano.

Katuni ilikuwa na mhusika mmoja tu, msichana aliyejifunika shuka jekundu, ameshika kibuyu, anatembea. Alipita katikati ya msitu wa Nou, akashuka ukingo wa bonde pale Dareda, akauzunguka mlima Hanang kwa chini, akapita mashamba ya Endasak wakati mahindi yanachanua. Siku zote alichorwa mgongo. Wasomaji walimpenda kwa sababu hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Walimwita mtalii wetu. Chini ya kila ukurasa walikuwa wakiandika, "Geuka basi dada, tuone sura." Joakimu, rafiki wa baba yake Efrazia, aliyekuwa na simu nzuri kuliko zote kijijini, hakuandika kitu. Yeye aliweka dole gumba kila Jumamosi.

Efrazia hakumgeuza msichana yule kwa sababu hakuujua uso wake. Alikuwa ni Restituta, dada yake. Efrazia alikuwa hajaanza shule siku ilipojulikana kwamba Restituta ana mimba na hana mume. Kwa mila za pale mtu huyo ni metimani. Hagusi moto wa watu, hachoti maji yao, halali ndani ya mpaka wa boma mpaka usafi ufanyike. Majirani wengi walikuwa wameyaacha mambo hayo. Mzee Tluway, baba yao, aliacha mengine, hili akabaki nalo. Restituta aliondoka na shuka na kibuyu, na mdogo wake akamwangalia kutoka mlangoni mpaka alipoingia kwenye miti. Kwa hiyo alichobaki nacho ni mgongo. Picha haikuwapo. Kazi za Restituta zilikuwapo, na Efrazia alipopata nguvu ya kubeba ndoo kubwa alitolewa shule akazifanye.

Kisha Brightness, msichana wa Babati aliyekuwa akiandaa tamasha la wachora katuni, alimwandikia kwenye simu. Atapewa meza na nauli. Kutakuwa na shindano la kuvaa kama Anayekwenda, na mwisho wa siku Efrazia atauchora ule uso kwenye ubao, mbele ya watu wote.

Jioni Efrazia alimfuata mama yake, Kornelia, jikoni.

"Mama, Restituta alifanana na nani?"

Kornelia alikuwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga.

"Alifanana na yeye mwenyewe," alisema. "Lete sahani."

Tamasha lilifanyika kwenye ukumbi wa harusi. Mapambo ya harusi ya jana yake yalikuwa bado yananing'inia. Kulikuwa na vijana wenye mapanga ya maboksi, na wachoraji wenye kadi shingoni. Meza ya Efrazia ilikuwa karibu na choo. Aliweka picha zake kumi na mbili alizochapishiwa na Brightness, akaweka mikono chini ya meza. Watu walikuja wakamsifu, naye akawajibu asante akiangalia mezani. Kijana mmoja alimuuliza mwenye katuni amekwenda wapi, akajibu kwamba atarudi.

Mchana Brightness alishika kipaza sauti akawaita washiriki wa shindano. Walipanda jukwaani wasichana tisa wenye mashuka mekundu na vibuyu. Kwa kuwa mhusika huonekana mgongo tu, walitakiwa watembee kuelekea ukutani. Walitembea vizuri. Mmoja, mwanafunzi wa chuo, alikuwa amepaka matope halisi kwenye visigino, ukumbi ukampigia makofi.

Wa tisa alikuwa amelowa maji. Nje hapakuwa na mvua, ila kwenye ukurasa wa mwisho wa katuni ilikuwa inanyesha. Alitembea kama mtu asiye na haraka na asiye na mahali pa kufika, na alipofika ukutani aligeuka. Alikuwa na tumbo kubwa la mimba.

Jaji, mchoraji wa Arusha aitwaye Yohanes, aliandika alama zake. "Huyu wa tisa shuka ni sawa, mwendo ni sawa," alisema. "Ila ameongeza kitu ambacho kwenye katuni hakipo. Hilo tumbo limemponza."

Mwanafunzi mwenye matope akawa wa kwanza. Yule wa tisa, Restituta mwenyewe, akawa wa tatu, akapewa fulana.

Alishuka akaja mpaka kwenye meza ya karibu na choo. Hakuwa ameongezeka hata siku moja, kwa hiyo Efrazia sasa alikuwa mkubwa kuliko dada yake. Alifikiri kidogo nani amwamkie mwenzake. Halafu akasimama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekua." Restituta aliangalia picha zilizokuwa mezani, moja baada ya nyingine. "Kumbe ni wewe unayenitembeza. Kila Jumamosi milima, kila Jumamosi mabonde. Hata siku moja hukufikiria kuchora jiwe nikae?"

"Sikujua unachoka."

"Nina mimba, Efrazia."

Efrazia alimpa kiti chake. Ulipofika wakati wa ubao, Restituta alikaa mbele na mdogo wake akamchora, uso kwanza, kisha shuka, kisha tumbo. Uso ulikuwa wa mviringo, na kovu dogo kwenye nyusi, kovu ambalo Efrazia alilikumbuka alipokuwa tayari amelichora. Watu walipiga picha.

"Ina maana muda wote huo alikuwa amefukuzwa?" aliuliza dada mmoja wa mstari wa nyuma. "Mimi nilijua anatalii."

"Mimi bado napenda mgongo," alisema mwenzake.

Brightness akawashukuru wote kwa kuja.

Kwenye basi la kurudi Mbulu kondakta alimwinua mwanamume mmoja kiti cha mbele ili mjamzito akae. Mama aliyekuwa kando, mwenye kapu la vitunguu, alimwangalia Restituta tumbo.

"Ya miezi mingapi, mwanangu?"

"Ni ya zamani. Nilikuwa nayo kabla huyu mdogo wangu hajaanza shule."

"Hizo za kuchelewa huwa za kiume," alisema yule mama, akampa kitunguu.

Efrazia alimuuliza kwa nini mtoto hatoki. Restituta alisema mtoto ana akili, hawezi kuzaliwa njiani. Anasubiri kujua anaingia boma gani. Siku akilazwa kwenye nyumba yao atazaliwa siku hiyo hiyo. Efrazia alishika chuma cha kiti mpaka basi lilipomaliza kupanda mlima.

Walifika Bashay jua likiwa bado juu. Joakimu alikuwa barazani kwenye kigoda, anakunywa chai. Mzee Tluway alikuja mpaka kwenye ua wa minyaa na kusimama upande wa ndani.

"Shikamoo, baba," alisema Restituta kutoka njiani.

"Marahaba. Umefika?"

"Nimefika."

"Na hiyo bado?"

"Bado. Anasubiri aingie nyumbani."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Hilo lilieleweka. "Basi mtaje mwenyewe. Alete kondoo, tufanye usafi, uingie hata leo."

"Nilimtaja siku ile. Ni Joakimu."

Joakimu alipuliza chai yake. Zizini walikuwamo maksai wawili wa kulimia, wanatafuna. Walikuwa ni wa Joakimu, aliwaacha pale miaka mingi kwa urafiki, na mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kukaa juu ya Nou.

"Baba, umemsikia," alisema Efrazia.

"Nimeuliza mwanamume," alisema mzee Tluway. "Joakimu ni mgeni wangu."

Kornelia alitoka jikoni, akamwangalia Restituta kwa juu ya ua. Alimwangalia mpaka ugali ukaungua.

"Nilikwambia anafanana na yeye mwenyewe," alisema. Aliweka kikombe cha maziwa chini kwenye mpaka, akarudi nyuma ili mwanawe akichukue bila kugusana.

Efrazia hakuingia ndani. Alipanda mpaka kwenye mwamba, akachora ukurasa ambao haukuwa wa zamu. Alichora njia ya kwao, na kando ya njia, nje kidogo ya ua, jiwe pana. Restituta alikuwa amekaa juu yake, uso mbele, mikono juu ya tumbo. Nyuma yake nyumba yao, mlango wazi kabisa. Akaurusha.

Aliposhuka alilikuta jiwe pale alipolichora, na Restituta amelikalia, amenyoosha miguu. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mzee Tluway aliusukuma ukafunguka tena, akauegemeza gogo, gogo likasogea. Fundi alikuja Jumatatu, akaukagua, akasema hakuna mlango pale wa kufungwa, akaomba maji ya kunywa. Basi mzee alifunga kamba ya katani kutoka nguzo mpaka nguzo, usawa wa kifua, ili ndama wasiingie na kila mtu ajue kwamba mpaka bado upo.

Mvua zilinyesha, maksai wakalima. Majirani wakipita njiani walimsalimu Restituta kwa mbali na kumuuliza mtoto anaendeleaje, naye aliwajibu kwamba anacheza sana. Efrazia alimchora kila Jumamosi akiwa amekaa. Wafuasi wengi waliondoka, wakisema katuni siku hizi haiendi popote. Dole gumba moja halikukosa.

Jioni, wakati wa chai, Joakimu alikuja kama kawaida yake. Alimpita Restituta kwenye jiwe, akamwambia, "Pole na kukaa." Alipofika mlangoni aliinama, akapita chini ya kamba, na mzee Tluway akamsogezea kigoda.