Triza Afa Mara Nne

Mara mbili Triza Nalianya alikuwa amekufa mbele ya watu wa mtaa wa Huruma, na mara zote mbili hakupata nafasi ya kuinuka na kuwainamia.

Kundi lao liliigiza kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa jamii. Wote walikuwa na kazi zao nyingine: Triza alisuka nywele saluni, Opicho alikuwa fundi wa mabomba, na mwelekezi wao, Ng'ang'a, aliuza vipuri vya pikipiki. Katika mchezo huu Triza alikuwa mjane anayebomolewa nyumba aliyoijenga mwenyewe, na mwishowe anakata roho akiwa ameukumbatia mlango uliong'olewa. Opicho alikuwa soja, mlinzi wa geti. Anatokea mara moja tu, akitafuta ufunguo mifukoni, viatuni, mpaka ndani ya soksi, kumbe ameubana kwa meno. Hasemi hata neno moja.

Shida ilikuwa mwisho. Pazia likishafungwa, waigizaji hutoka mmoja mmoja kushukuru, wa sehemu ndogo kwanza, mhusika mkuu baada ya wote. Opicho akitoka tu, ukumbi unavuma, "Rudia! Rudia!" Naye anarudia. Mifukoni, viatuni, soksini. Anarudia tena, na tena, hadi saa kumi na moja inafika, kwaya inayotumia ukumbi jioni iko mlangoni, na Mzee Munene, mtunzaji wa ukumbi, anawaambia watu watoke. Triza hubaki nyuma ya pazia, amejikung'uta vumbi, amenyoosha leso aliyojifunga kiunoni, na hana wa kumwinamia.

Jumamosi ya tatu mumewe, Andati, alibadilishana zamu kiwandani ili aje kumwona kwa mara ya kwanza. Kabla ya mchezo kuanza, Triza alimvuta Opicho kando.

"Leo usirudie."

"Si mimi naomba, dadangu. Ni wao."

"Wakiomba, inama, utoke. Mume wangu amekuja."

"Sawa. Sirudii," Opicho akasema, na hakuwa mtu wa kusema uongo.

Siku hiyo Triza alikufa vizuri kuliko siku zote. Aliuhisi ukumbi umenyamaza mpaka nyuma kabisa. Alilaza shavu kwenye ule mlango, akatoa pumzi ya mwisho, akafumba macho, akangoja pazia. Pazia halikuja. Lilikuwa mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja, yanayovutwa kwa waya, na siku hiyo waya ulinasa katikati. Alisikia Ng'ang'a akivuta na kunong'ona, kisha akasikia viatu vizito. Opicho, fundi wa mabomba, alikuwa ametoka kusaidia, bado na kofia yake ya soja.

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko.

"Soja! Rudia!"

Triza, maiti, hakuweza kugeuza kichwa. Lakini kutokana na jinsi kicheko kilivyopanda, alijua: sasa yuko mifukoni. Sasa viatuni. Na katikati ya kelele hizo alisikia kicheko anachokijua, kile cha kukoromea puani, anachokisikia kila siku mezani kwake. Andati alikuwa akipaza sauti pamoja na wengine, "Rudia, soja, rudia!"

Hapo Triza akaketi.

"Opicho," akasema, "tulikubaliana nini?"

Watu wakashika mbavu. "Mama amefufuka!" mtu akapiga kelele.

Triza akawageukia. "Miezi mitatu nimefanya mazoezi ya kufa. Hamwezi kunipa dakika moja nife?"

Wakacheka zaidi. Kadiri alivyokasirika ndivyo walivyomshangilia, na kila alipofungua mdomo makofi yalimzima. Mwishowe akashuka jukwaani kwa mlango wa pembeni, akatoka nje.

Andati alimfuata akiwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Mama Ryan, pale mwisho ulipoamka, ilikuwa tamu sana. Sikujua unaweza kuchekesha hivyo."

"Haikuwa kwenye mchezo."

Andati akaacha kufuta macho. "Pole. Sikujua."

"Nilipokufa, uliniona?"

"Nilikuona. Ulinikumbusha siku walipobomoa kwa mama yangu kule Dandora. Nilikuwa karibu kutoka nje. Soja alipokuja, nikashukuru sana."

"Ungenipigia makofi basi."

"Nawezaje kupigia maiti makofi?"

Triza akamgeuzia mgongo. Hapo hapo Ng'ang'a akatoka mbio, uso umechangamka. "Triza, ile ya kufufuka tunaiweka. Kila Jumamosi. Watu wameipenda mno."

"Hapana," Triza akasema. "Jumamosi nitakufa, na nitabaki nimekufa. Ukitaka wa kufufuka, tafuta mwingine."

Jumamosi iliyofuata watu walijaa kuliko kawaida, habari zilikuwa zimeenea. Andati alikuwa zamu. Triza alipokata roho, hawakungoja hata pazia. "Mama, fufuka!" walianza. Pazia lilifungwa bila kunasa, likafunguliwa tena kwa ajili ya kushukuru, naye bado alikuwa amelala palepale. Siku hiyo Opicho aliwaacha waigizaji wengine watangulie; wakainama, wakapita. Opicho alipotoka, kelele zikazidi. Alisimama karibu na kichwa cha Triza, akavua kofia, na mikono yake haikugusa mfuko wowote.

"Rudia," wakadai. Hakurudia. "Fufuka." Triza hakufufuka. Miluzi ikaanza, kisha manung'uniko, kisha viti vya plastiki vikaanza kusuguana sakafuni. Watu walikuwa wakiondoka.

Aliposikia kelele zimepungua, Triza aliinuka, akanyoosha leso, akasogea mbele ya jukwaa. Zaidi ya nusu ya viti vilikuwa vitupu, na Mzee Munene alikuwa ameshaanza kuvipanga kimoja juu ya kingine. Safu ya mbele walibaki wanawake watatu, mmoja tayari ana mkoba begani. Wakapiga makofi.

Triza aliinama taratibu, mpaka chini, kama alivyokuwa amejifunza mbele ya kioo cha saluni. Makofi yakaisha kabla hajanyanyuka.