Tajiri wa Kwanza Dirishani

Tangu sheria mpya ya mwendo kasi ianze, hakuna tajiri aliyefika kwenye dirisha la faini. Faini ilikatwa kulingana na kipato cha dereva, basi madereva wote waliamka maskini. Asubuhi hiyo, bwana mmoja mwenye gari linalong'aa aliapa kwamba analishwa na shemeji yake.

"Basi kaniletee huyo shemeji," karani alimjibu. "Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mchumba wa binti wa karani mwenyewe.

Kijana aliganda. Karani kazi yake ilikuwa ghorofani. Leo alishuka kumshikia nafasi mwenzake anayeumwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe na wewe unakimbiza magari?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo hakukuleti hapa. Kipato chako kwa mwezi?"

Karani alitega sikio. Siku ya kujitambulisha nyumbani, kijana alisema ni meneja wa ghala, akataja mshahara uliomfanya baba wa binti apaliwe na chai. Karani alijiuliza moyoni: meneja gani ana viganja vigumu namna ile? Harusi ilishakaribia, akaogopa kuivuruga. Sasa serikali imemuulizia.

Kijana alitaja mshahara uleule, kwa sauti ya chini. Karani aliuingiza kwenye kompyuta, kisha akamgeuzia skrini.

Kijana aliisoma faini. "Mama, hii... inalipwa kidogo kidogo?"

"Meneja mzima?"

"Kaka, umewaambia kweli?" mtu alidakia kwenye foleni. "Nani kakuroga?" Watu wakacheka.

Karani hakucheka. Wanaoshusha kipato aliwazoea. Anayekipandisha hakuwahi kumwona. Aliinama karibu na tundu la kioo.

"Mwanangu, hapa mimi ni karani, si mama mkwe. Uongo wa kupanda na wa kushuka kwangu ni mmoja. Unapata kiasi gani?"

Kijana alitaja kiasi kingine, kidogo sana. "Naendesha gari la mizigo, mama. La ghala hilohilo."

"Na umeneja uliutoa wapi?"

"Kwa binti yako. Alisema nikikutajia udereva, hutanipa hata kiti."

Karani alitaka kukataa. Alijaribu kujiona mlangoni kwake siku ile, kijana amesimama, neno "dereva" limeshamtoka. Je, angempa kiti? Foleni ikaanza kunung'unika. Jibu alilolipata hakulipenda.

Alifuta kiasi cha kwanza, akaingiza cha kweli. Faini mpya ikatokea.

"Bado inauma, mama."

"Iume. Ungegonga mtoto wa watu je? Ulikuwa unawahi wapi?"

"Kumchukua binti yako kazini."

"Ana miguu. Atasubiri."

Kijana alilipa. Hakuondoka. Alishika ukingo wa dirisha kama anayengoja hukumu nyingine.

"Na harusi, mama?"

"Harusi ya meneja haipo. Ya dereva, njooni leo jioni tuizungumze. Na huyo mwalimu wako wa uongo umlete. Nataka aniambie mwenyewe, usoni, kwamba mimi ni mtu wa kunyima mgeni kiti."

"Akisema ndiyo?"

"Hilo nalo nataka kulisikia. Nenda, na uende polepole."